Titi Langu na Koti la Baba Mkwe

Titi langu la kushoto lilipovimba, niliamua ni kamba ya kapu la kuchumia chai. Wifi yangu akaamua ni virusi vyangu vya UKIMWI. Kwake kila kitu changu ni virusi: nikikohoa virusi, chumvi ikizidi kwenye ndizi virusi. Dawa nameza bila kukosa, na vipimo vinasema virusi havionekani. Majirani peke yao ndio wanaoviona.

Kumfikia daktari ndiyo ilikuwa kazi. Sisi Wanyakyusa, mkamwana humkwepa baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani. Sasa baba mkwe wangu naye anachukua dawa za virusi kliniki ileile yangu ya Tukuyu, siku ileile. Hakuna aliyemwambia mwenzake, tuligundua kwa kukimbiana. Nikiliona koti lake kwenye benchi, najifunika kitenge, nazungukia dirishani, nachukua vidonge, naondoka. Hivyo titi likaendelea kuvimba kwa heshima na adabu zote.

Mwishowe nesi alinidaka getini, akaligusa, akaacha utani. Nikakatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa Mbeya kupimwa. Daktari akaniambia ni saratani ya tezi za limfu, imeanzia kwenye titi. Ni nadra sana, akasema, ila sisi wenye virusi tuko kwenye hatari zaidi, hata tunaomeza dawa vizuri. Dripu zinaweza kuitibu tukiwahi. Nikamuuliza kwa nini nisipewe saratani ya titi ya kawaida kama wanawake wenzangu. Hakucheka. Nilirudi nyumbani nikiogopa kufa, na wifi akahakikisha ukoo mzima umepata habari.

Siku ya safari ya kwenda Mbeya kuwekewa dripu, gari la wagonjwa lilikuwa linanguruma nje ya kliniki, limebaki kunisubiri mimi nimwone daktari kwanza. Na pale mlangoni kwake, kwenye benchi, koti. Nikavuta kitenge usoni, nikageuka. Nilishaamua nitakwenda wiki nyingine, kama mjinga.

Nyuma yangu benchi likalia. Mzee alikuwa amesimama, ameugeukia ukuta, pua karibu iguse chokaa. Kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunielekezea neno, na hata siku hiyo alisema na ukuta.

"Mwambieni huyo mama aingie. Akifa, mimi nitakwepwa na nani?"

Nikapita nyuma ya mgongo wake nikilia, nikaingia.