Siku Nilipokata Vichwa vya Mibuni ya Bibi

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya Kahororo, mwaka uliofuata kifo cha mama. Ugonjwa uliomuua ulikuwa umepita kila mtaa. Nyumbani Ijuganyondo tulibaki wawili, mimi na bibi, na tulizoea kimya.

Siku hiyo mwalimu wetu wa biolojia alifungua boksi la sabuni lenye tundu ubavuni. Ndani tulikuwa tumeweka mahindi yaliyoanza kuchipua. Yale tuliyoyavika nchani kofia za karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara yalisimama wima. Yaliyo wazi yote yalikuwa yamepinda kuelekea tunduni! Tulipiga kelele hadi darasa la jirani likachungulia.

"Ncha ndiyo inayoona mwanga," mwalimu alisema. "Homoni hutoka pale ikashuka chini. Inakuza shina, na inayazuia matawi ya pembeni."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Bibi alikuwa msibani. Nikachukua kisu, nikakata ncha za miche yake yote ya kahawa, kumi na miwili.

Aliporudi alishika kichwa. "Umeniulia mibuni!"

"Bibi, nimeondoa homoni tu. Matawi yatatoka."

"Homoni ni nani? Ni ndugu wa nani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alijaribu kununa, akashindwa, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike mama.

Tangu hapo kila asubuhi aliinama kwenye miche kabla hata ya kunawa uso. Wiki ya tatu akaniita kwa sauti iliyofika kwa majirani. Kila mche ulikuwa na machipukizi mawili, isipokuwa mmoja uliotoa moja tu na kupanda juu kama mlingoti.

Nikamleta mwalimu auone. Aliuzunguka mara mbili.

"Labda ni urithi wake," akasema. "Jeni ndizo zinazoelekeza homoni itengenezwe kiasi gani, na ipitie milango ipi kutoka seli moja hadi nyingine. Zikitofautiana kidogo, mmea nao hukua kivyake."

"Kama watoto wa tumbo moja," bibi akasema.

"Hasa, mama."

Bibi akafurahi kupita kiasi. Akamwambia mwalimu asiondoke bila kula, akaniagiza nimenye ndizi. Nilimenya nikiimba, vidole vyeusi kwa utomvu, na nilishajua kwamba nitasomea mimea.