Diski ya Tohara

Juma lililopita nilipeleka simu yangu kwa fundi pale Namakwekwe, Mbale. Mbele yangu alisimama mzee mmoja amekumbatia diski ya kompyuta iliyoanguka, ameifunga kwa leso kama kifaranga mgonjwa.

"Fundi, humo ndani iko video ya tohara ya kijana yangu," alisema. "Jirani huyu anatangaza eti kijana alitikisika mbele ya kisu. Kwetu Wagisu hiyo ni aibu ya maisha. Nimemleta aone mwenyewe."

Jirani, aliyesimama kando yake, alikunja mikono.

Fundi alihangaika saa nzima, akaokoa kipande kimoja tu. Tukajazana kwenye skrini. Kijana amesimama wima, hata jicho hapepesi! Jirani akakohoa, tayari kuomba radhi. Hapo ndipo tulipomwona, nyuma ya kijana, baba mtu mwenyewe akilegea magoti na kuanguka chali, puu, yeye na chungu cha pombe.

Mzee akachomoa waya taratibu.

"Hii diski imekufa kabisa," akasema. "Lakini umejaribu, bwana."

Mwenye kudai ushahidi na akumbuke kwanza kama siku ile yeye mwenyewe alikuwa amesimama.