Nyusi Hazisikiki Kwenye Kaseti

Karatasi zilikuwa themanini na sita. Barua iliyokuja nazo ilisema themanini na saba, kwa hiyo nikahesabu tena, nikapata themanini na sita zile zile. Kabla sijasoma neno hata moja nikawa nimeshaitilia shaka kazi nzima. Mtu aliyeuza mitumba soko la Kongowea miaka tisa haamini kilichoandikwa juu ya robota. Anakata kamba, anahesabu.

Bibi alikuwa upande wa pili wa meza ya jikoni, anasubiri nimsomee. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, herufi za kuchapwa zilimshinda. Karatasi zile zilikuwa maisha yake, yalivyotoka kwenye kaseti nane na kupita mikononi mwa mchapaji wa chuo ambaye hakuwahi kumwona. Kazi yetu ilikuwa ndogo: tusome, Bibi asaini fomu ya ruhusa, na Alhamisi mtafiti aje kuzichukua zikawekwe maktaba. Zikishawekwa, ndizo Bibi. Mjukuu wa mjukuu wake akitaka kumjua, atakwenda kuzifungua hizo.

Hii ilikuwa Laurel, mji mdogo wa Marekani, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kwenye fleti za matofali karibu na stesheni. Binti yake Bibi alifanya kazi ofisi ya serikali mjini, akitoka na treni ya alfajiri, akirudi jioni na viatu mkononi. Mimi alinilipa nikae na mama yake: kumwogesha, kumpikia, kuhakikisha dawa zimemezwa na si kufichwa chini ya sosa. Siku ya kwanza nilimwita Bibi, akauliza maana yake. Nikamwambia kwetu bibi ni nyanya, na pia ni mke wa mtu.

"Nimekuwa vyote viwili," akasema. "Cha kwanza ndicho kilichonifaa."

Yeye na bintiye walitoka kisiwa kimoja kusini mwa Alaska. Ni watu wa samaki wa salmoni na sili na mvua isiyokatika, na Warusi waliwahi kufika kwao wakawaachia kanisa, chai, na nyumba za kuogea kwa mvuke. Wakawaachia na jina. Bibi alinieleza siku moja nikimkata kucha: Warusi waliwaita kwa jina walilokwisha kuwapa majirani zao wa visiwa vingine, maana hawakuwa na muda wa kuuliza mara mbili. "Sisi tukalitamka kwa ulimi wetu," akasema, "likawa Alutiiq. Sasa ni letu." Nikamwambia hilo nalijua, hiyo ni biashara yangu ya zamani. Koti limeshonewa mzungu mwenye mabega mapana, wewe unalipunguza hapa, unalikunja pale, mwaka wa pili hakuna anayethubutu kukuambia si lako.

Tulielewana mapema kwa sababu nyingine. Asubuhi ile ya kwanza nilimuuliza kama anataka chai. Hakufungua mdomo. Alipandisha nyusi tu, mara moja, haraka, kama mtu aliyeona rafiki ng'ambo ya barabara. Nikamimina chai. Kwetu pia mtu anaweza kukupandishia nyusi na biashara ikaisha. Akanitazama kwa mshangao kidogo, kisha akauliza nimetoka kijiji gani. Kwao nyusi juu ni ndiyo. Pua ikikunjwa ni hapana. Maneno huwekwa kwa ajili ya vitu vinavyoyahitaji.

Mtafiti hakutoka kijiji chochote cha namna hiyo. Alikuwa binti wa chuo, mpole, mwenye soksi nzuri na tepu rekoda yenye taa nyekundu. Alikuwa anarekodi maisha ya wanawake saba wa Kialutiiq. Sita aliwafuata kisiwani, na wa saba akagundua yuko Laurel, mwendo wa nusu saa kutoka chuoni kwake. Mwezi wa nne wote alikuja kila Alhamisi. Alikaa sebuleni akimpa mgongo mlango wa jikoni, kwa hiyo mimi kwenye sinki niliona kisogo chake na uso mzima wa Bibi.

Basi nikasoma. Kurasa za mwanzo zilikwenda vizuri. Baba na boti, kiwanda cha samaki alikofanya kazi tangu akiwa na miaka kumi na miwili, amesimama juu ya sanduku ili aifikie meza, shule ambako mwalimu aliwaosha midomo kwa sabuni wakisema lugha yao. Bibi alisikiliza mikono imetulia. Nikafika ukurasa wa kumi na nane.

"Swali," nikasoma. "Je, bado unaifahamu lugha ya mama yako? Halafu hapa kuna mabano. Hakujibu."

"Nilijibu," akasema Bibi.

"Imeandikwa hakujibu."

"Soma linalofuata."

"Je, uliendelea kuizungumza nyumbani na wanao? Mabano. Hakujibu."

Akaweka kikombe chini. "Wewe ulikuwepo. Nilijibu au sikujibu?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nasugua sufuria, na niliziona nyusi zikipanda. Mara ya pili zilipanda juu zaidi, kwa sababu kuna usiku fulani wa kibatari na binti yake, akiwa mdogo, akifundishwa majina ya samaki kwa mnong'ono. Hilo alinisimulia mimi baadaye, kwa maneno. Mtafiti alingoja kwa adabu, akaona kimya, akaenda swali jingine. Kaseti ikarekodi sufuria yangu.

Nikachukua penseli. Toka mwanzo mpaka mwisho nilipata "hakujibu" thelathini na moja. Nikarudia kutoka nyuma kuja mbele, kama tunavyohesabu mzigo tusiouamini, nikapata thelathini na mbili. Moja ilikuwa imejificha juu kabisa ya ukurasa wa sitini, mbali na swali lake. Nikazisoma zote. Kila moja Bibi alisema, "Ndiyo hiyo. Ndiyo. Hapo nilisema hapana. Ndiyo." Nilipofika ile ya ukurasa wa sitini, iliyohusu mwanawe wa kwanza, akakizungusha kikombe chake mezani.

"Hiyo ni kweli," akasema hatimaye. "Hapo sikujibu. Iache."

Jioni binti yake aliporudi tulimweleza. Alijiegemeza kwenye friji bila kuvua koti. Yeye amezaliwa kule, nyusi anazijua vizuri kuliko mimi.

"Mama, ni karatasi za chuo. Nani atasoma?"

"Wewe."

"Mimi najua unaijua lugha."

"Wewe utakufa," akasema Bibi, bila ubaya. "Karatasi haifi. Walinilisha sabuni ili nisiijue. Sasa imeandikwa kwamba siijui. Nikisaini, nimewasaidia kumalizia kazi."

Binti akanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyeleta zogo. Nikamwonyesha penseli. "Thelathini na mbili," nikamwambia. "Nimehesabu mara mbili." Akavua koti, akakaa, akaomba aone ukurasa wa kumi na nane.

Alhamisi mtafiti akaja na biskuti. Bibi alikuwa amevaa sweta la kanisani, na fomu iko mbele yake, nyeupe kama ilivyokuja. Nikaeleza mimi, kwa kuwa ndiye niliyeshika hesabu. Mtafiti akasikiliza, akawa mwekundu shingoni, akasema jambo lililomfanya Bibi achekee puani.

"Lakini sina budi kufuata kilicho kwenye kaseti. Kwenye kaseti kuna kimya. Siwezi kuandika jibu ambalo halisikiki."

"Unayo kaseti ya pili hapo?" nikamuuliza. Alikuwa nayo, kwenye begi. "Tafuta pale ulipomuuliza kama apumzike anywe chai."

Akatafuta, akapeleka mbele na kurudisha nyuma, mpaka sauti yake mwenyewe ikatoka: ungependa tupumzike kidogo kwa chai? Kimya. Saa ya ukutani. Halafu hatua zangu, mfuniko wa birika, na chai ikimiminwa kikombeni, ndefu, mpaka juu.

Nikampa karatasi. "Humu imeandikwa hakujibu. Sasa nieleze, mwenzangu. Kama hakujibu, mimi niliimimina hiyo chai kwa amri ya nani?"

Akarudia kuisikiliza. Bila kuombwa. Safari hii alimtazama Bibi badala ya mashine, na Bibi akampandishia nyusi kwa makusudi, polepole, kama anayemfundisha mtoto herufi.

"Ndiyo?" akauliza mtafiti.

Nyusi tena.

"Kumbe anafundishika," Bibi akaniambia.

Hapo tukaingia kwenye bei. Nasema bei kwa sababu sijui neno jingine la mtu kutoa kidogo akitumaini utakipokea. Alianza na tanbihi moja mwishoni, kwa herufi ndogo. Nikamwambia mwishoni hakuna anayefika, hata mimi nilisinzia ukurasa wa sabini. Akapanda: tanbihi kila ukurasa husika. Nikainuka, nikaanza kukusanya vikombe. Hiyo ni mbinu ya Kongowea, ukiondoka dukani polepole unaitwa. Akaniita. Tukakubaliana: maswali thelathini na moja yarekodiwe upya, mimi nikae pale pale na niseme kwa sauti uso wa Bibi unavyosema, na majibu yaingizwe mahali pake. Ile ya ukurasa wa sitini haiguswi.

Taa nyekundu ikawaka. Ndivyo nilivyoingia kwenye historia ya watu wa kisiwa nisichowahi kukiona: mwanamke wa Mombasa akisema, "Amepandisha nyusi. Amepandisha nyusi. Amekunja pua. Hapo amepandisha moja tu, sijui mnaiitaje." Bibi akasema hiyo ni labda.

Tulipofika swali la lugha, nikafungua mdomo, na Bibi akaninyamazisha kwa kiganja. Akaanza kuhesabu kwa Kialutiiq, moja mpaka kumi, bila haraka, kila tarakimu na kidole chake juu ya kitambaa cha meza. Kisha akarudi kutoka kumi mpaka moja. Mimi sikuelewa neno, lakini nilifuata vidole. Hesabu ilikuwa sawa kwenda na kurudi.

Mtafiti akashika mashine aizime. Ningemwacha aende zake, lakini mtu akikupa punje moja mbovu unauliza habari za gunia.

"Na wale sita?" nikauliza.

Hakujibu. Hakujibu ya kweli, naijua sasa.

"Zao zimeshachapwa?" akauliza Bibi.

"Zimeshachapwa. Wamesaini." Akaiachia mashine. "Watano nitawarudia, nitaomba fedha za safari. Mmoja alifariki wakati wa baridi. Alisaini mwanawe."

Bibi alimjua. Kisiwa kile watu wote wanajuana. Akauliza marehemu ana hakujibu ngapi, na mtafiti akasema hajui, hakuwahi kuhesabu.

"Chumbani alikuwepo nani wakati wa kurekodi?"

"Mimi na yeye tu."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Mashine," akasema. "Nilikuwa natazama kama taa inawaka. Niliogopa kupoteza kitu."

Nilidhani Bibi atamwonea huruma. Alikuwa karibu kulia, na alikuwa ametuletea biskuti. Bibi akasukuma ile fomu mpaka kwake. "Basi andika hivyo. Ukurasa wa kwanza wa kila mmoja wetu, na wa marehemu. Pale palipoandikwa hakujibu, aliyeuliza alikuwa anatazama mashine."

"Nitaonekana sijui kazi."

"Mimi nimeonekana sijui lugha yangu. Chagua nani aonekane nini."

Mtafiti akaandika sentensi ile nyuma ya bahasha, kwa mkono, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa sawa, neno kwa neno. Akauliza kama sasa Bibi anaweza kusaini.

Mashine ilikuwa bado inakwenda, na kazi yangu ilikuwa bado ni ile ile. "Amekunja pua," nikasema.

"Lakini nimeshaandika."

"Bahasha si karatasi," akasema Bibi. "Kachape kwanza."

Zilirudi baada ya wiki tano. Karatasi mia moja na mbili, na barua ilisema mia moja na mbili. Nilihesabu hata hivyo. Sentensi yetu ilikuwa ukurasa wa kwanza, peke yake, herufi za ukubwa wa kawaida. Mtafiti alikuwa ameongeza kwa kalamu pembeni kwamba marehemu ana hakujibu hamsini na tatu, na kwamba amezihesabu mara mbili. Bibi aliniomba nilisome hilo tena, akasema yule mwanamke alikuwa na nyusi nene sana, hata mtu wa boti angeziona.

Ndani mlikuwa na hakujibu moja tu. Nilipita mbele na nyuma kuitafuta ya pili, sikuiona. Bibi akashika kalamu, nikamwekea kidole chake penye mstari, akasaini jina lake zima, lile la kanisani na lile la baba, likavuka mstari mpaka ukingoni.

Nilipokuwa nafunga bahasha nilimuuliza habari ya ukurasa wa sitini. Tulikuwa wawili tu, hakuna taa nyekundu, na nilidhani nimeshapata haki ya kuuliza. Alinitazama. Nyusi hazikupanda. Pua haikukunjika. Nikasubiri kadiri mtu mwenye adabu anavyoweza kusubiri, kisha nikainuka, nikateleka maji ya chai.