Mstari Safi wa Nadine

Kwa miaka kumi na tisa Nadine Baca, karani wa posta mjini Socorro, aliielekezea darubini yake nyota moja ndogo nyekundu, akisubiri ilipuke. Mstari uliochorwa na kompyuta kuonyesha mwanga wake haukuwahi kutikisika.

Asubuhi moja Wendell, mtazama nyota mwenzake, akaingia anahema. "Hongera, dada! Jana nyota yako ililipuka mara mbili!"

"Acha utani wako. Kwangu hamna kitu."

Wendell akainamia kompyuta. "Hii programu kazi yake nini?"

"Kusafisha. Mwanga ukiruka ghafla ni uchafu wa kamera, inautupa."

"Na nyota ikilipuka, si mwanga unaruka ghafla?"

Nadine akaugeukia mstari wake.

"Picha zenyewe, kabla ya kusafishwa, zipo?" Wendell akauliza.

"Nilizifuta. Zilikuwa zinajaza nafasi."

Kwenye kioo mstari ulikuwa umenyooka, safi, kama Nadine alivyoutaka mwenyewe.