Nilivyomlisha mama mkwe nimefumba macho

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Heru Juu, maana kule wameshaongeza chumvi: ni kweli nilimmwagia mchungaji uji kichwani, wodini, saa nne asubuhi, watu wakiona.

Mama mkwe alikuwa amelazwa Kasulu mjini, kiharusi kimemzuia kumeza na kusema, analishwa kwa mpira unaopita puani hadi tumboni. Kazi hiyo ni ya mke wangu, ila siku hiyo mtoto aliamka na homa, mama yake akaniambia, "Baba Neema, nenda wewe, ukichelewa mama atashinda njaa." Nesi akaukagua mpira, akanielekeza: mama akae ameinuliwa kichwa, chomeka kwenye mpira bomba la sindano bila kisukumio chake, linyanyue, mimina uji mwepesi polepole ushuke wenyewe. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sasa sisi Waha wa kwetu, mkwe hamtazami mama mkwe akila. Ingekuwa ugali ningetoka nje, lakini huu mpira nitaushika nikiwa wapi? Nikajiona nina akili nyingi, nikampa mgongo, na macho nikafumba kabisa (heshima juu ya heshima!), nikawa namimina uji wa kikombe kwa kukisia huku nauliza, "Mama, unashuka?" kana kwamba angejibu.

Kumbe nilipogeuka bomba lilichomoka, nikageuka nalo. Na mbele yangu, kati ya vitanda, mchungaji amepiga magoti anamwombea mgonjwa wake, naye kafumba macho, kipara wazi, anapaza sauti, "Bwana, mguse mtumishi wako!"

Nikamimina.

"Asante, nausikia uvuguvugu wako!" Wodi nzima ikaitikia amina, mimi nikiwemo, mpaka mgonjwa wake akasema, "Yebaba we! Mchungaji, mbona ni uji?"

Nesi akaja mbio. "Wewe baba, mgonjwa wako ni yupi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kilichoniuma zaidi ni kikombe kitupu, na mama hajapata hata tone.

Nesi akaleta uji mwingine, akaunganisha upya, akanikabidhi bomba. Mimi huyo, nikaanza kugeuka tena! Mama mkwe akanyoosha mkono wake mzima, akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame, na hakuniachia mpaka uji ukaisha. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kicheko.

Nimeapa, mila zitanisamehe. Kwanza mama ashibe, halafu ndiyo nitaona aibu.