Mkaa wa Mzee Matone Umejaa Kabla ya Wakati

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na gazeti hili tukufu, linalobandikwa kila Jumamosi kando ya mlango wa bwalo, natangaza uchunguzi mkubwa wa kisayansi kuliko wote uliowahi kufanyika shuleni hapa. Nimeufanya nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, maana kiti kilikuwa kimoja na mzee alikuwa nacho.

Saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa. Mzee Matone, fundi wa maji, anafungua pipa la kuchujia nyuma ya jiko. Anachota mkaa kwa kikombe cha bati, anaunusa, anatikisa kichwa.

"Umejaa."

"Umejaa nini, mjomba? Mimi naona mkaa tu."

"Ndiyo maana wewe ni mwandishi."

Kwa miaka kumi na tisa maji ya kunywa ya wanafunzi mia nne na walimu wao yamepita mikononi mwake. Mkaa anauandaa mwenyewe: anauchoma upya ndani ya debe lenye kifuniko, anauponda, anauosha hadi maji yaache weusi. Kilo tano hudumu miezi mitatu.

Safari hii zimedumu siku tano. Tangu jana maji yananuka bwawa yanakotoka, na mtunza bohari ametangaza mbele ya wapishi kwamba mzee amesahau kubadilisha. Mkuu wa shule amempa hadi Jumatatu ajieleze. Akishindwa, kibarua kimeota nyasi.

"Hilo nitalizoea," anasema. "Kinachoniuma, jana nilimuuliza mke wangu kama Jumamosi nilikuja kubadilisha mkaa kweli. Akasema, 'Baba Watoto, ulirudi mweusi kama sufuria, ulikuwa wapi kama si huko?' Hata hivyo nimeanza kujitilia shaka."

Namuuliza uchafu unaingiaje ndani ya mkaa.

"Hauingii, mwanangu. Sponji ndiyo inayokunywa ikavimba. Mkaa una vishimo visivyoonekana kwa macho, na kila kishimo kina kuta. Rangi na harufu zikipita, zinanata kwenye kuta hizo. Konzi moja tu, ukizikunjua kuta zake zote, unafunika uwanja wenu wa mpira."

"Na goli?"

"Na kipa wenu aliyelala."

Kuta zikishapata wapangaji kila mahali, anaendelea, anayekuja nyuma hana pa kushika. Anapita na maji moja kwa moja hadi kikombeni. Lakini uchafu wa bwawa peke yake haujazi kilo tano kwa siku tano. Hao wapangaji ni nani?

Anatia konzi ya mkaa ndani ya chupa ya kioo, anamimina spiriti aliyoiomba kwa muuguzi. "Kisichobanduka kwa maji, spiriti huweza kukibandua." Anatikisa. Tunasubiri. Anapiga miayo, mimi napiga miayo.

Spiriti inaanza kubadilika. Kwanza kama kivuli tu, kisha zambarau, zambarau hasa.

Mzee anainua chupa kwenye mwanga wa dirisha la jiko.

"Nilibadilisha," ananong'ona. "Jamani, nilibadilisha! Kuna mtu kamwaga rangi, mkaa ukaishika yote. Juu ya weusi nani angeiona?"

Anacheka peke yake, kisha ananieleza mpango wake: pipa la pili, ili moja likifanya kazi, mkaa wa lingine uchomwe upya. Ataliomba Jumatatu hiyohiyo.

Mwandishi wenu, akisukumwa na kiu ya elimu, anauliza, "Yaani pakiti zote sita zilinata humo?"

Mzee anaweka chupa chini taratibu.

"Nani kasema pakiti?"

Natazama daftari. Halinisaidii.

"Na nani kasema sita?"

Zilikuwa sita, rangi ya nguo iliyobaki kwenye maigizo ya muhula uliopita. Nilizimwaga pipani Jumatatu ili walimu wanywe maji ya zambarau. Yalipotoka safi, nikakaa siku nne nikijiuliza rangi imekwenda wapi, na ndiyo maana niliomba kuandika makala haya. Kwamba mzee wa watu angefika kumuuliza mkewe kama bado ana akili timamu, hilo sikuliwaza.

Mistari hii ya mwisho naiandika nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Mzee Matone yuko ndani na chupa yake. Jina langu hajalitaja. Amesema hiyo ni kazi yangu.

Mlango unafunguka.

Ni mimi, mwalimu. Zote sita.