Makofi Kabla ya Ombi

Kazi yangu hapa Lodwar ni kuita watu. Shirika lililoniajiri lilitaka wananchi wa mashinani wasikike kwenye mkutano mkuu wa dunia kuhusu tabianchi, na kwa kuwa nimezaliwa hapa na najua Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza, nikatumwa Kakuma niwakutanishe wenyeji na wakimbizi. Niliipenda kazi ile. Nasema mapema, maana mtu akinisikia leo atadhani niliichukia tangu mwanzo.

Mkutano wa kwanza tuliufanyia kanisani, karibu na laga, mto unaojaa wakati wa mvua tu. Wanawake wa Kiturkana waliketi upande mmoja, wale wa Sudan Kusini upande wa pili, na katikati yakabaki mabenchi matupu. Mama mmoja mjane, aliyehamia Kakuma kutoka Nakalale baada ya ukame kummalizia mbuzi, akasimama kabla sijamaliza kuwakaribisha.

"Miti yetu yote imeishia kwa jiko yenu," akawaambia wakimbizi.

Muuza chai mmoja kutoka kambini akamjibu papo hapo. "Na makaa nanunua kwa nani? Si kwako? Juzi umeniletea gunia, tena ndani umeweka mawe!"

Kanisa zima likacheka. Mjane naye akacheka, akiziba mdomo kwa pindo la shuka. Kuanzia hapo tukaweza kuzungumza.

Tulizungumza miezi mingi. Mambo niliyotumwa nayo waliyatupa moja moja. Miche? Mbuzi wa nani ataiacha ikue? Mwishowe wakakubaliana juu ya jambo moja. Laga ya Tarach ikifurika hubomoa nyumba na kuchukua watu, halafu baada ya muda mfupi watu walewale wanachimba mchanga wakitafuta maji ya kunywa. Walitaka bwawa kubwa juu ya mji, liyazuie maji yale, linyweshe mifugo ya wenyeji na kujaza matangi ya kambi.

"Waliochafua hewa watusaidie kulijenga," mjane akasema. "Sisi tumechafua na nini? Hata baiskeli hatuna."

Wakamchagua yeye aende kuwasemea. Muuza chai walimtaka pia, lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali chake hakikutoka. Akavua shanga zake za shingoni, akamvalisha mjane juu ya zile za Kiturkana. "Basi nitaenda hivi," akasema.

Juma la safari, mkuu wetu akaniita. Nafasi zilikuwa zimepunguzwa. Angeenda yeye, na yule mama mjane angezungumza kutoka Lodwar kwa kompyuta.

"Hakuna tofauti," akaniambia. "Sauti ni sauti."

Mama alikuja akalala kwangu. Asubuhi akaoga, akajipaka mafuta, tukaenda kuketi ofisini chini ya feni iliyokuwa ikisukuma joto huku na huku. Kwenye skrini tuliona ukumbi mpana na watu waliovaa makoti.

"Huko kuna baridi?" akaniuliza.

"Wameiweka wenyewe, mama."

Zamu yake ikafika. Akasema, "Ejok," akawasalimu kama mtu aliyelelewa: habari za watoto wao, habari za mifugo yao. Akawaeleza yeye ni binti wa nani na alichunga wapi. Kwetu humwombi mtu kitu kabla hajakujua. Nilitafsiri neno kwa neno. Alipofika kwa mbuzi wa mwisho, aliyekufa kichwa kikiwa mapajani mwake, mwenyekiti wa kikao, mwanamke mwenye sauti ya upole, akamkatiza. Akamshukuru kwa maneno yaliyogusa mioyo. Ukumbi ukapiga makofi. Wengine walisimama.

Mama akanigeukia. "Wanashangilia nini? Mbuzi kufa?"

"Wanakushukuru."

"Lakini sijaomba bado."

Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba hajamaliza. Sauti yetu ilikuwa imeshazimwa. Yeye hakujua, akaendelea. Akaliomba bwawa lote, akitaja pale linapofaa kukaa na wale watakaolitunza, huku kwenye skrini mwanamume mwingine akizungumza. Sikuwa na moyo wa kumnyamazisha.

Baadaye mkuu akapiga simu. "Amefanya vizuri mno. Kuna watu wamelia."

"Na bwawa?"

"Tutaona pa kulitaja."

Tulirudi Kakuma kutoa majibu. Muuza chai ndiye aliyeuliza: walisema nini kuhusu bwawa? Nilitaka kujibu kwa maneno ya ofisini, kwamba safari ni ndefu, kwamba tumeanza kusikika. Mama akanitangulia.

"Bwawa hawakulisikia. Walisikia mbuzi."

Hakuna aliyenilaumu. Walinyanyuka tu, wakatoka, kila mmoja akiwa na lake la kufanya.

Mvua ilipokuja, laga ikafurika kama walivyokuwa wakisema siku zote. Ikabeba kibanda cha chai, majiko na mabenchi. Muuza chai aliokoka kwa kung'ang'ania mti wa mathenge, na miiba ikamchana viganja vyote. Ofisi ikataka picha haraka. Nilimkuta ameketi juu ya jerikeni, mikono imefungwa vitambaa. Nilipoinua simu, akaificha mikono chini ya nguo.

"Weka hiyo kitu, dada," akasema taratibu. "Salimia kwanza."

Nikaiweka. Ofisi ilipata picha kutoka kwa mtu mwingine.

Mjane hakukaa sana baada ya hapo. Dada yake anaishi Lokori, karibu na soko la mifugo, na huko akaamua kwenda. Alipopitia Lodwar nilimpelekea chai na mkate stendi, nikasimama naye hadi gari likajaa.

"Utarudi Kakuma, mama?"

"Kufanya nini? Kuongea?"

Hakulisema kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua. Gari likaondoka. Nikarudi ofisini, ambako wageni kutoka Nairobi walikuwa wamefika na walitaka mtu wa kuwatafsiria.